Sema Namba Kabla Sijarusha

Jumamosi, 27 Februari 1999
Mvua imeanza mchana huu bila kubisha hodi. Mhandisi wa maji, yule Mzungu mrefu aliyekuwa akiinama kwenye kila mlango, hata ule usiohitaji kuinamiwa, amehamishiwa kambi nyingine ya wakimbizi na kuniachia boksi. Alisema ni mchezo, niwape vijana. Vijana walilifungua, wakaona hamna mpira ndani, wakanirudishia.

Kuna vijitabu vitatu vya Kiingereza na madadu. Dadu moja lina pande ishirini, likikaa mkononi utadhani yai la kware. Mimi ni mlinzi wa stoo. Kiingereza changu nimekiokota kwenye magunia na makopo: nikiona neno la "haiuzwi" au la "tikisa kabla ya kutumia" nalijua hata gizani. Nimeanza ukurasa wa kwanza.

Jumatatu, 1 Machi
Bado ukurasa wa kwanza.

Alhamisi, 4 Machi
Nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Huu si mchezo wa ubao kama bao. Mtu mmoja ndiye mwenye kusimulia: anajua mahali palivyo, pango liko wapi, nani anaishi ndani. Wengine kila mmoja anabuni mtu wake na kusema anafanya nini. Pale penye shaka, dadu linarushwa.

Hadi hapo sawa. Lakini nilipofika kwenye kupigana, kitabu kinasema nitumie sheria za kile kitabu kingine, "ulicho nacho tayari nyumbani". Nimelitikisa boksi. Nimetazama hata nyumbani Kanazi, maana mtu huwezi kujua. Walioandika walikuwa wameshaujua mchezo, na waliandika kwa ajili ya watu ambao wameshaujua. Wananikumbusha matangazo yanayobandikwa pale kwenye bomba: wenye kadi mpya za chakula wafuate utaratibu uleule. Upi? Uleule.

Jumamosi, 6 Machi
Tumecheza kwa mara ya kwanza, chini ya paa la stoo, maana matope hayaruhusu mtu kwenda popote na watu wamechoka kutazamana.

Wachezaji ni watatu. Fideli alikuwa mwalimu kwao Burundi na bado anatembea kama aliyeshika chaki. Ndikumana ni fundi cherehani, ameomba kushonea kwenye baraza yangu kwa kuwa turubai lake linavuja. Wa tatu ni Akimana, ambaye huleta nguo kwa Ndikumana mara nyingi kuliko nguo zinavyoweza kuchanika.

Hadithi ya Akimana kambi nzima inaijua. Mumewe, Juvenali, aliingia mto Ruvubu mwaka ule wa kukimbia, tisini na sita, na hakuonekana tena. Akimana anaishi na mama mkwe wake, Mama Véronique, na huyo amekataa katakata kusifanyike kuganduka, yaani kutoa msiba, matanga yakaisha. Anasema msiba hautolewi wa mtu ambaye hakuna aliyemwona maiti. Hata sisi Wahangaza, wenyeji wa huku, tunalijua hilo: msiba usipotolewa, mke anabaki alivyo. Kwa hiyo Akimana si mke wa mtu wala si mjane, na Ndikumana, anayemtaka, hawezi kutuma washenga. Anashona tu.

Nikawaambia kila mmoja ampe mtu wake jina. Akimana akasema, "Wangu ni Juvenali."
Cherehani ilisimama kidogo. Kisha ikaendelea.

Jumamosi, 13 Machi
Leo sheria zimetuchosha kuliko joka. Kitabu kinataka mmoja awe mchawi. Hakuna aliyekubali. Fideli alisema yeye ni Mkristo, na isitoshe huku mtu akiitwa mchawi hata kwa mzaha anaweza kuchomewa nyumba. Nikampa uganga wa mizizi, na nguvu zilezile.

Walipofika pangoni kwa joka, nilitegemea watatoa panga. Hapana. Ndikumana aliuliza joka lilipewa ile ardhi na nani. Halafu wakamtuma Juvenali atangulie na mtungi wa pombe ya ndizi kuomba njia, kama watu waliolelewa. Nimepekua vitabu vyote vitatu. Hamna namba ya joka lililokaribishwa pombe.

Mali ya pangoni waliipangia foleni. Sikuwaambia. Fideli akadai mganga wake ana wategemezi sita, akaonyesha na vidole, na wenzake wakakubali apimiwe zaidi. Watu hawa wamepimiwa chakula kwa kopo miaka yote hii. Hata dhahabu wanaiwekea kopo.

Jumanne, 16 Machi
Mvua. Malori yamekwama Nyakanazi. Mahindi yapo, maharage hayapo.

Jumatano, 17 Machi
Mvua. Wengine wanasema kambi itafungwa. Wengine wanasema itaongezwa. Wote wamesikia kutoka kwa mtu aliyetoka Kabanga.

Jumamosi, 20 Machi
Fideli ameanza tabia ya kuuliza, "Ukurasa wa ngapi?" Nikisema mlango umefungwa kwa uchawi, ukurasa wa ngapi. Nikisema popo wanauma, ukurasa wa ngapi. Namtajia. Niandike hapa, kwa kuwa hakuna asomaye: kurasa nyingi ninazomtajia bado sijazifikia. Lakini nimegundua kuwa ukitaja namba haraka, mtu mwenye elimu anatulia.

Mama Véronique amekuja. Alisimama mlangoni na msuko wa ukili mkononi, akauliza kama jambo hili lina ruhusa ya kanisa. Nikamwambia halina ruhusa wala katazo. Akakaa kwenye gunia tupu, akasuka kapu. Sikumwona akitazama hata mara moja. Ila kila Akimana aliposema "Juvenali anapanda", "Juvenali anainama", mikono ya mama huyo ilipunguza mwendo.

Jumamosi, 27 Machi
Mama Véronique amewatangulia wachezaji. Ameleta viazi vitamu. Niliposema kwamba upande ule wa mlima mvua inanyesha, aliuliza, bila kuinua uso, kama Juvenali amepata pa kujikinga. Nikasema amepata. Fideli akafungua kinywa kuuliza ukurasa, Ndikumana akamkanyaga mguu.

Nadhani Akimana anacheza ili kumfufua mumewe kidogo kila wiki. Na yule mama naye vivyo hivyo. Nawaonea huruma, na najisifu kwa huruma yangu.

Jumamosi, 3 Aprili
Kesho Pasaka. Hatukucheza. Lori moja limefika, limeleta chumvi.

Jumamosi, 10 Aprili


Wamefika mtoni. Mto uko kwenye ramani ya kitabu, sikuuweka mimi. Ningekuwa na akili ningeuchora upande mwingine. Wakashauriana namna ya kuvuka, na Akimana akasema, wazi kabisa, kwamba Juvenali ataingia kwanza akiwa amefungwa kamba kiunoni. Nikauliza nani atashika kamba. Fideli alikuwa amebeba taa. Akabaki Ndikumana.

Ndikumana aliisimamisha cherehani. Akasema, "Nashika. Kwa mikono miwili."

Nikamwambia arushe dadu. Akarusha. Dadu likazunguka juu ya meza ya cherehani, likalala kwenye tisa.

Wakanitazama. Tisa ni nyingi au ni chache? Kitabu kinajua kufungua makufuli, kinajua kubisha milango, kinajua panga la urefu gani humkata nani. Kushika kamba hakijui. Mimi namba sikuwa nimeisema. Ingekuwa ishirini wangeshangilia, ingekuwa moja wangelia, na mimi ningekuwa msimuliaji tu. Lakini tisa iko katikati kabisa pale ambapo mtu hana pa kujificha.

Nilitaka kuonekana mkali, mtu wa sheria. Nikasema kamba imeponyoka.

Ndipo nikamwona Mama Véronique. Kapu lilikuwa chini. Nikaogopa, nikaongeza haraka, "Lakini ukurasa wa thelathini na moja unasema maji humtupa mtu ng'ambo. Juvenali yuko hai. Yuko ng'ambo, amelala mchangani, mtamkuta baadaye."

Nilitegemea shukrani. Mama Véronique aliokota kapu lake akaondoka mvuani bila kujitanda. Akimana akamfuata. Ndikumana alibaki ameshika kamba isiyokuwepo.

Jumapili, 11 Aprili
Akimana amekuja stoo baada ya misa. Hakukaa.

Akasema, "Baba Felisiani, ule ukurasa upo?"
Nikasema vitabu vya Kizungu ni vigumu.
"Nimekuuliza kama upo."
Nikakiri kwamba bado sijaufikia.

Akasema, polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba alimpeleka Juvenali mtoni kwa kukusudia. Wiki zote hizo alikuwa anamsogeza. Alitaka aingie majini mbele ya mama yake, na mtu mwingine aseme, kwa sheria, amekufa. "Mimi siwezi kumwambia. Nikimwambia mimi, ni kwa sababu ya Ndikumana. Kikimwambia kitabu, kitabu hakitaki kuolewa." Kisha akafika alikokusudia: "Ukanitolea mtu majini. Usinipe mtu wa kusubiri tena. Ninaye mmoja."

Nimemlinda mtu asiyeomba kulindwa. Kazi ya ulinzi ina hatari hiyo.

Jumatano, 14 Aprili
Fideli aliazima vitabu tangu Jumatatu. Kwa msaada wa Kifaransa chake amekitafuna Kiingereza chote, leo amevirudisha vikiwa na vijiti vya alama kila mahali. "Ukurasa wa thelathini na moja," alisema, "ni bei ya nyumbu."

Ningevumilia aibu hiyo. Linalonisumbua ni lingine. Pale kwenye bomba Mama Véronique ameambia watu kwamba Ndikumana aliiachia kamba ya mwanawe. Hakueleza kamba ipi, na foleni ya maji haiulizi. Kufikia jioni ilikuwa Ndikumana alikuwepo Ruvubu mwaka ule. Sasa wanataja hata siku.

Alhamisi, 15 Aprili
Mvua. Watu watatu wamechukua nguo zao kwa Ndikumana zikiwa hazijamalizika. Mmoja aliondoka na suruali ya mguu mmoja.

Ijumaa, 16 Aprili
Usiku wa kuamkia leo mtu amekata turubai la Ndikumana kwa kisu. Ndikumana amelala kwenye baraza yangu, ameegemea cherehani yake. Nilimwambia ahamie kwanza upande wa pili wa kambi. Akasema akihama watasema amekimbia.

Akimana ameenda kwa mzee Matiasi, mwamuzi wa kesi za kambini, kunishtaki. Mimi, si Ndikumana. Nimelala vibaya, lakini naona alivyofikiri: kesi yangu itamsafisha Ndikumana.

Jumamosi, 17 Aprili
Mzee Matiasi ni mshingantahe. Kwao alisimikwa mbele ya watu, akapewa fimbo ya kugonga chini anapoamua kesi. Fimbo ilibaki huko. Hapa anagonga kwa mpini wa ufagio, na mtu asidhani kwamba uzito umepungua. Si mtu mwepesi. Anakohoa kabla ya kila jambo, hata kabla ya kukohoa, na hapendi kuharakishwa wala kufurahishwa.

Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama. Akakaa kwenye gunia la mahindi. Baraza ilijaa hadi mvuani. Akauliza nani anamshtaki nani. Akimana akasema anamshtaki Baba Felisiani, mlinzi, kwa kumtoa mtu wake majini bila haki.

Fideli akasimama akaeleza kwamba kwanza izingatiwe hakuna mto, hakuna kamba, mambo yote ni ya kubuni.
Mzee akakohoa. "Ulikuwepo?"
"Nilikuwepo, mzee."
"Ukifanya nini?"
"Nimebeba taa."
"Basi mwenye taa ndiye aliyeona. Sema ulichoona."

Na Fideli, mwalimu mzima, akasema. Alieleza rangi ya maji, kamba ilivyokaza, Ndikumana alivyochimbia visigino kwenye tope. Vitu hivyo sikuwa nimevisimulia. Aliviona mwenyewe, na watu waliokuwa mvuani wakasogea wavione.

Ndikumana akaitwa. Alisema maneno machache. Alishika kwa mikono miwili. Alirusha akapata tisa. Hakuna aliyemwambia kama tisa inatosha. Na tisini na sita alikuwa bado kwao Muyinga, anashona sare za shule. Walioko hapa wanaojua wapo. Mwanamke mmoja nyuma akasema kweli, alimshonea mtoto wake.

Mzee akanigeukia. "Namba ya kutosha ulisema lini?"
"Baada ya dadu kulala, mzee."
"Kwa hiyo ulitazama kwanza nani amekaa mlangoni, ndipo ukajua kama tisa ni kubwa au ndogo."
"Ndiyo."
"Na hili la maji kumtupa mtu ng'ambo, limeandikwa?"
"Halijaandikwa, mzee. Nimelitunga. Niliogopa."

Watu wakaguna. Nilitazamia mpini wa ufagio ugonge, yaishe. Lakini Mama Véronique akasimama. Si mdai wala shahidi, na mwanamke hasimami hivyo mbele ya mshingantahe. Mzee akamwacha.

Alinielekea mimi. Hakupaza sauti.

"Wewe umesema maji humtupa mtu ng'ambo. Mimi ninajua umelitunga. Nimelijua tangu siku ile, wakati bado ulimi wako uko nje. Maana ng'ambo nilikuwa mimi. Nilivuka mbele yake. Nilikaa pale mchangani, nikatazama mto mpaka tukafukuzwa na watu wa kupanga wakimbizi mistari. Hakutupwa mtu. Miaka hii yote nawaambia watu sikumwona amekufa. Siwaambii kwamba niliona mahali pote ambapo angetokea."

Akakaa. Mvua kwenye bati ilikuwa nyingi, lakini nilimsikia Akimana akivuta pumzi. Akavuka baraza akaenda kukaa karibu na mama mkwe wake kwenye gunia lilelile. Hawakushikana. Walikaa tu, bega kwa bega, kama watu waliokuta nafasi moja kwenye lori.

Kisha Mama Véronique akasema, akitazama chini, "Kamba hakuiachia. Nilisema vile kwa sababu nilitaka awepo wa kuiachia."

Mzee Matiasi akakohoa muda mrefu. Akaamua kwamba Ndikumana hana kosa, na aliyemkatia turubai alishone ndani ya siku tatu, naye anajijua. Namba iliyosemwa baada ya dadu kulala si namba, ni upendeleo, na upendeleo una pande mbili hata ukiwa mwema. Kuanzia leo mwenye kusimulia ataisema namba kwanza, kwa sauti, mbele ya wote, au akiri kwamba hajui. Na Juvenali wa mchezo ni wa Akimana. Yeye ndiye atakayesema.

Akimana akasema, "Amekufa."

Mzee akamtazama Mama Véronique. Mama Véronique akainamisha kichwa, mara moja. Mpini ukagonga.

Mimi nimetozwa dumu la pombe ya ndizi. Mshindwa hununua, na hunywa wa mwisho.

Jumanne, 20 Aprili
Turubai la Ndikumana limeshonwa. Vibaya, kwa uzi wa gunia. Amelifumua akalishona upya mwenyewe.

Jumamosi, 24 Aprili
Malori yamepita Nyakanazi. Maharage. Hatukucheza, kila mtu anapika.

Jumamosi, 1 Mei
Leo wametoa msiba wa Juvenali. Hapakuwa na kaburi la kwendea, wala ng'ombe, wala ukoo unaotosha. Palikuwa na mtungi mmoja na mirija, na mzee Matiasi alisema maneno kwa Kirundi ambayo niliyaelewa yote, maana Kihangaza hakiko mbali. Mama Véronique alikunywa kwanza, akampa Akimana. Halafu alishika jembe, ambalo mwenye msiba haligusi, akakata udongo mara moja nyuma ya nyumba, akasema kesho watapanda mboga. Nilisikia watu wakimwuliza kama ana uhakika. Akasema msimu unakwisha.

Fideli alikunywa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningependa tuandike sheria upya, zote, kwa Kiswahili, zile zinazokosekana zikiwemo. Nikamwambia tuanze na kamba.

Jumamosi, 8 Mei
Mvua imekonda. Tumecheza nje ya baraza, jua likiwa juu ya matope.

Akimana ana mtu mpya, mchuuzi wa chumvi, mwanamke, jina lake hatujui bado. Anasema atatuambia akizoeana nasi. Kundi limefika tena kwenye mto uleule. Nikauliza wanavukaje. Mchuuzi anataka kuvuka wa kwanza, kamba kiunoni, na Ndikumana ndiye wa kuishika.

Nikasema kumi na mbili na kuendelea, amevuka. Chini ya hapo anarudishwa ukingoni na chumvi imelowa. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, kisha nikamwachia dadu. Fideli hakuuliza ukurasa.

Mama Véronique alikuwa kwenye gunia lake, na kapu jipya. Akasema, "Ngoja kwanza."

Tukangoja. Akamwambia Ndikumana kwamba amesikia ana watu anaotaka kuwatuma nyumbani kwake. Ndikumana akainuka kwenye cherehani, akasema ndiyo, mama, kama watapokelewa. Mama Véronique akasema washenga watapokelewa, waje Jumapili, waje wameshiba maana maharage ni ya kadi. Atauliza maswali mengi siku hiyo, lakini sharti moja analisema sasa, mapema, mbele ya mlinzi na mwalimu, asije mtu akasema halikusemwa.

"Nakusikiliza, mama."

"Kamba ashike Fideli. Wewe sitaki kukulaumu tena."

Ndikumana akaikusanya kamba isiyokuwepo, akaikunja vizuri, akampa Fideli. Fideli akaweka taa yake chini, akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo Akimana akarusha.